UZI: Chila ya ufyonzaji Mombasa. Joto lipo, utalitupa wapi?

Mhandisi_Mvita

Assalam aleikum wanajamvi. Uzi huu ni wa mashine za baridi zinazoendeshwa na joto badala ya kompresa, yaani chila (mashine za kupoza maji ya viyoyozi) au pampu za joto za ufyonzaji. Naweka mfano mmoja ili tusizungumze hewani.

Hoteli ya vyumba 40, pwani ya kaskazini. Dobi yake ina boila ya mvuke inayowaka kwa vifuu vya nazi. Kuna jenereta ya dizeli ya kVA 500 ya akiba. Paa la zege lina mita za mraba 150 zisizo na kivuli. Inatakiwa baridi ya kW 35 kwa ukumbi na mkahawa, saa kumi kwa siku, na bili ya umeme isipande.

Mashine ninayoifikiria ni ya maji na chumvi ya lithiamu bromidi, ya hatua moja, yaani joto hutumika mara moja tu. Ndani yake maji ndiyo kipozi. Kwenye kivukizi chenye ombwe la takriban kPa 0.9 maji huchemka kwa digrii 5 tu, na yakichemka huchukua joto la maji ya viyoyozi. Mvuke wake hufyonzwa na mmumunyo mkali wa chumvi ndani ya kifyonzi. Mmumunyo ukishiba husukumwa hadi kwenye kichemshio, joto la nje linayatoa yale maji, mvuke unaenda kupoa kwenye kondensa kwa kPa 7 hivi, na mzunguko unaanza tena. Pampu ndogo ya mmumunyo ndiyo pekee inayokula umeme ndani ya mashine.

Takwimu za kazi:
Maji moto: yanaingia 88°C, yanatoka 83°C, mita za ujazo 8.6 kwa saa, joto kW 50.
Maji baridi: 12.5 hadi 7°C, mita za ujazo 5.5 kwa saa, kW 35.
Maji ya kupozea: 31 hadi 35°C, mita za ujazo 18.3 kwa saa, joto la kutupa kW 85.

Kipimo cha ufanisi ni 35 kugawa kwa 50, yaani 0.7. Swali langu: tuchukue joto wapi? Jua, jenereta au boila?

FundiKilindini

Wa aleikum salaam, ndugu. Anza kwa kuifuta jenereta.

Wengi hupiga hesabu hivi: kVA 500 ni kW 400 za umeme, dizeli inayoingia ni kama kW 1,000, sehemu ya tano ya hiyo hutoka kwenye maji ya injini, basi kuna kW 200 za bure kwa digrii 85 hadi 90. Hesabu yenyewe ni sahihi, mradi injini iko kwenye mzigo kamili. Lakini jenereta ya akiba huwaka stima ikipotea tu. Huwezi kupoza ukumbi kwa mashine inayongoja stima ipotee. Tena ikiwaka kwa robo mzigo, joto la maji yake halifiki hata kW 80, na ukiyanyonya kupita kiasi injini itafanya kazi ikiwa baridi, masizi yajae kwenye njia ya moshi.

Joto la injini linafaa pale injini inapozalisha umeme mchana na usiku. Mitambo ya dizeli ya Kipevu na Rabai ndiyo saizi ya kufikiriwa namna hiyo. Rabai hata mvuke wa moshi huendesha taabini. Hoteli haiko hapo.

Jua linawezekana. Neli za vioo zenye ombwe, kwa maji ya digrii 88 na jua la wati 900 kwa mita, hutoa kama nusu ya jua kuwa joto. Kwa hiyo kW 50 zinataka mita 110 hivi. Paa linatosha. Ila mtu asidanganyike na tangi. Lita 6,000 zikishuka kutoka digrii 88 hadi 78 zinatoa kWh 70. Hiyo ni saa moja na dakika 24 za kazi. Tangi ni la kuvusha wingu, si la kuvusha usiku.

BintiTudor

Naongezea hapo hapo kwa kaka FundiKilindini, maana watu huliruka hili. Ukitaka jua peke yake, paneli za umeme zinaishinda chila hii kwa nafasi ya paa. Mashine ya kawaida ya kompresa yenye ufanisi wa 3.5 inataka kW 10 za umeme kwa baridi ile ile ya kW 35. Paneli za asilimia 20, ukitoa hasara za waya na vumbi, zinaleta kW 10 hizo kwa mita kama 65.

Na bado chila ya ufyonzaji ina wasaidizi wanaokula umeme. Jumlisha pampu ya maji moto, pampu ya maji baridi, pampu kubwa ya maji ya kupozea, feni ya mnara wa kupozea maji hayo, pampu ya jua: ni kW 4 hadi 5. Yaani umeme unaookolewa ni nusu, haukwishi wote. Ukiweka vidhibiti kasi kwenye pampu ya kupozea na feni, unashuka chini ya hapo pale mzigo unapokuwa mdogo. Bila vidhibiti hivyo mradi hauna maana, na mimi nasema wazi nisingeupitisha.

Teknolojia hii inastahili pale joto lipo tayari na linatupwa, au kuni zake ni takataka za mahali penyewe. Kwa hiyo mimi ningeangalia boila ya vifuu kwanza.

Mzee_wa_Mvuke

Umesema kweli, binti yangu. Hesabu ya boila ni hii.

Chila inataka kW 50. Boila ndogo ya vifuu tuipe ufanisi wa asilimia 65, basi moto unaotakiwa ni kW 77. Kifuu kikavu kina karibu MJ 17 kwa kilo. Kwa hiyo ni kilo 16 kwa saa, kilo 160 kwa siku ya saa kumi. Viwe vikavu kweli. Vifuu vilivyonyeshewa vikalundikwa nje hutumia sehemu ya nguvu zao kukausha maji yao wenyewe, na moshi unakuwa mweupe.

Msichanganye makumbi kwa wingi. Makumbi ya nazi yana potasiamu na klorini nyingi, majivu yake huyeyuka na kushika kwenye bomba kama gundi, na klorini hula chuma. Kifuu kina majivu machache, ndiyo sababu nakipendelea.

Mvuke usiingizwe kwenye chila ya maji moto moja kwa moja. Weka kibadilisha joto cha sahani: mvuke wa baa 7 upande mmoja, maji ya kitanzi upande wa pili, kilo 88 za mvuke kwa saa. Kabla ya kibadilisha joto weka vali ya kudhibiti inayosoma joto la maji yanayotoka, iyashikilie 88. Weka pia vali ya pili ya usalama inayofunga yenyewe kwa digrii 95, isiyotegemea ile ya kwanza. Vali moja ikikwama wazi maji yanapanda, mmumunyo unakolea kupita kiasi, na mtafika kwenye maradhi ambayo najua FundiKilindini atayaeleza. Mtego wa mvuke, yaani vali inayotoa maji ya mvuke uliopoa bila kuachia mvuke wenyewe, uwe wa boya, kwa sababu mzigo hupanda na kushuka. Mtego wa ndoo kwenye kazi hii huacha maji yajae kwenye sahani, na hapo mtasikia mishindo.

Tangi la lita 2,000 linatosha kwa boila. Kazi yake ni kutuliza tu, lisifanywe ghala.

BintiTudor

Shikamoo mzee, na ahsante. Sasa nije kwenye kile ambacho kwa Mombasa ndicho kinaua miradi hii: kW 85 za kutupa. Mashine ya kompresa ya baridi hiyo hiyo hutupa kama 45 tu, na inazitupa hewani bila tone la maji.

Mwezi wa Machi hewa ya hapa hufika digrii 32 na unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ukifunga kitambaa chenye maji kwenye kipimajoto kitasoma 26 na nusu hivi. Mnara mzuri wa kupozea hukaribia kipimo hicho kwa digrii 4 au 5. Maana yake utapata maji ya digrii 31, ile ile ambayo mashine inaitaka, bila akiba yoyote. Ukinunua mnara mdogo ili kuokoa pesa, maji yatakuja na digrii 33, na baridi itapungua sehemu kubwa siku ile ile wageni wanapoililia. Chagua mnara kwa kipimo cha 27 cha kitambaa. Usikubali jedwali lililotengenezwa kwa nchi zenye hewa kavu.

Halafu matumizi ya maji. kW 85 huvukiza lita 126 kila saa. Maji yanayobaki hukolea, kwa hiyo lazima mengine yamwagwe. Ukiruhusu yakolee mara 3, unamwaga lita 63 kwa saa, jumla lita 190 hivi. Kwa saa kumi ni lita 1,900. Maji yakiwa mabaya na ukaruhusu mara 2 tu, jumla inapanda hadi lita 2,500 kwa siku. Kama hoteli inanunua maji ya bauza, weka gharama hiyo kwenye hesabu kabla hujanunua hata nati moja.

Maji ya visima vya hapa yanapita kwenye mawe ya matumbawe. Ni magumu, na karibu na ufuo yana chumvi. Ugumu huacha ukoko wa chokaa ndani ya bomba za kifyonzi na kondensa. Watu huweka kilainisha maji wakadhani wamemaliza. Kilainisha huondoa kalsiamu na kuweka sodiamu, lakini kloridi iko pale pale. Mnara ukikolesha mara 3, kloridi inazidi mara 3, na chuma cha pua cha 304 hutobokatoboka. Pale tumia 316 kwa sehemu za mnara, na uulize bomba za chila ni za shaba au za shaba na nikeli. Maji ya bomba ya kutoka vyanzo vya Mzima au Baricho yatumike kwa mnara kwanza, ya kisima yabaki kwa bustani na vyoo.

Vali ya kumwaga iendeshwe na kipima upitishaji umeme wa maji, isifunguliwe kwa mkono "mtu akikumbuka". Pia klorini. Maji ya digrii 30 hadi 35 yanayorushwa kama ukungu ni malezi ya bakteria wa lejionela, wanaoingia mapafuni. Weka vizuizi vya matone, safisha beseni, pima klorini. Mahali pa mnara paangaliwe kwa pepo zote mbili: kusi hupuliza kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Mchoro unaofaa kwa msimu mmoja unaweza kupeleka ukungu kwenye madirisha msimu wa pili.

PwaniYetu

Kwani bahari ya nini? Si tupoze kwa maji ya bahari tukaacha mnara?

BintiTudor

Ni wazo zuri kwa jengo lililo ufuoni. Bahari yetu ni digrii 25 hivi mwezi wa Agosti na hufika 29 au 30 Machi na Aprili, kwa hiyo unapata maji sawa na ya mnara au baridi zaidi, bila lita 1,900 za maji tamu.

Masharti yake: kibadilisha joto cha sahani za titani kati ya bahari na chila, maana maji ya bahari hayaingii ndani ya chila kabisa. Sahani zenyewe zinakula digrii 1 hadi 2. Bomba za plastiki nzito, pampu ya shaba nyeusi au plastiki, chujio mbili zinazopishana ili moja isafishwe nyingine ikifanya kazi. Kombe na mwani wataingia, hilo halina mjadala. Na maji ya kurudi yenye digrii 35 huwezi kuyamwaga juu ya matumbawe. Kuna hifadhi ya bahari hapo Nyali na Bamburi, na kibali cha mazingira ni lazima. Kwa kW 35 gharama hiyo ni kubwa mno. Kwa kW 500 ningeanza nayo.

FundiKilindini

Sasa yale maradhi mzee aliyoniachia. Mashine za lithiamu bromidi huharibika kwa njia mbili, hewa kuingia na chumvi kuganda, na ya kwanza huleta ya pili.

Mmumunyo mwepesi huwa na chumvi asilimia 54 hadi 57, mkali 60 hadi 63. Ukivuka 65 huku ukipoa, chumvi inajitenga na kuganda kama sukari guru. Huanzia kwenye kibadilisha joto cha mmumunyo, upande wa mmumunyo mkali unapopoa ukielekea kifyonzini. Njia ikiziba, kichemshio kinajaa na kifyonzi kinakauka. Bomba la kumwagikia, linalorudisha ziada ya kichemshio kifyonzini, huanza kuwa moto, nalo ndilo dalili ya kwanza ya kushika kwa mkono.

Sababu zake kwa mpangilio wa ninavyoziona kuwa za kawaida: stima kupotea mashine ikiwa kwenye mzigo kamili, hewa ndani, ambayo huzuia kifyonzi kufyonza na mmumunyo unabaki mkali, maji ya kupozea kuwa baridi ghafla, maji moto kupita 95.

Kwa hapa kwetu ile ya kwanza ndiyo ya kupangia. Ukizima kwa kawaida, joto hukatwa kwanza, kisha pampu za mmumunyo, maji ya kupozea na maji baridi zinaendelea kwa dakika kadhaa ili mmumunyo uchanganyike na kuwa mwepesi. Stima ikikatika, mchanganyiko huo haufanyiki. Kwa hiyo pampu ya mmumunyo na kidhibiti vipewe betri au viwe wa kwanza kwenye jenereta, na vali ya maji moto iwe ya kujifunga yenyewe umeme ukipotea. Hiyo vali ya springi ni bei ndogo mno ukilinganisha na siku tatu za kuyeyusha.

Ikiganda: usipige nyundo. Punguza maji ya kupozea ili kifyonzi kipate joto, pasha kibadilisha joto kwa nje kwa mvuke mwepesi au maji moto, na ingiza maji ya kipozi kwenye mmumunyo kupitia vali yake. Subira. Mwali wa gesi kwenye mwili wa mashine unaharibu maungio, na hewa ikiingia umejiongezea kazi.

Hewa unaijuaje? Baridi inapungua polepole wiki kwa wiki ilhali joto na maji ya kupozea ni yale yale. Toa hewa kwa pampu ya ombwe, peleka mpira wa kutolea kwenye chupa ya maji, hesabu mapovu. Mapovu yakiendelea kila wiki una uvujaji, au kutu ndani inazalisha haidrojeni. Mafuta ya pampu yakiwa meupe kama tui, yamekula unyevu. Badilisha kabla ya kuendelea. Ukilazimika kufungua mashine, vunja ombwe kwa nitrojeni, usiivunje kwa hewa. Oksijeni pamoja na chumvi hiyo ni kutu ya uhakika. Mara moja kwa mwaka chukua sampuli: ikiwa na rangi ya kahawia kuna kutu, na dawa ya kuzuia kutu, mara nyingi molibdati ya lithiamu, imepungua. Uzito wake kwa asilimia 55 uwe karibu 1.6 ya maji.

Mhandisi_Mvita

Ahsanteni sana. Suala moja: ile kW 85 ya kutupa, hatuwezi kuipeleka kwenye maji moto ya wageni na dobi? Hapo mashine ingekuwa pampu ya joto kweli: kW 50 zinaingia, 85 zinatoka.

Mzee_wa_Mvuke

Inawezekana, lakini ipige hesabu. Maji ya digrii 35 hayaogeshi wala hayafui. Ukitaka 50, lazima kifyonzi na kondensa vipande hadi 52. Kanuni ya haraka: joto la kichemshio ni kifyonzi jumlisha kondensa, toa kivukizi, kisha ongeza 10. Yaani 52 na 52, toa 5, ongeza 10: 109, na chanzo kiwe 115 au zaidi. Boila yako inafika, maji ya jua ya 88 hayafiki. Na mmumunyo unasogea karibu na kuganda.

Mzigo sasa. Wageni 80 kwa lita 50 ni lita 4,000, dobi tuseme 3,000. Kuyatoa digrii 27 hadi 50 ni kWh 187. kW 85 zinamaliza kazi hiyo kwa saa mbili na dakika 12. Saa nyingine karibu nane bado unataka mnara. Hoteli hii haina pa kuyaweka maji hayo. Kiwanda cha kusindika samaki au maziwa kinachoosha kutwa nzima, hapo ningesema ndiyo bila kusita.

JahaziBaridi

Na barafu ya samaki jamani? Wavuvi wa Mji wa Kale wanaitaka kuliko viyoyozi.

Mzee_wa_Mvuke

Mwanangu, kwa barafu sahau lithiamu bromidi, kwa sababu kipozi chake ni maji, nayo huganda kwa sifuri. Barafu ni kazi ya amonia na maji. Si jambo geni, hataza ya Ferdinand Carré ilitolewa Ufaransa mwaka 1859.

Tani moja kwa siku: maji ya digrii 28 hadi barafu ya hasi 10 ni kWh 131. Ongeza sehemu ya tano kwa hasara, gawanya kwa saa 12, unapata kW 13 za baridi. Ufanisi ni 0.5, basi joto ni kW 26, na chanzo kiwe digrii 110 hadi 130. Vifuu tena, kilo 8 au 9 kwa saa.

Ina mambo mawili. Mvuke wa amonia unatoka na unyevu wa maji, kwa hiyo lazima pawe na kisafishi cha mvuke juu ya kichemshio. Kikiwa dhaifu, maji yanakusanyika kwenye kivukizi, na baridi inapungua siku baada ya siku mpaka uyamwage. La pili, hakuna shaba wala shaba nyeupe popote, hata kwenye geji. Chuma na chuma cha pua tu. Presha ya kondensa kwa digrii 40 ni baa 15 na nusu. Mashine iwe nje au kwenye banda lililo wazi, bomba la maji ya kunyunyizia lisiwe mbali, barakoa ziwe mlangoni, zisiwe ndani. Kiwango cha amonia hewani kwa kazi ya siku nzima ni sehemu 25 kwa milioni. 300 ni hatari kwa uhai.

Mhandisi_Mvita

Nimebadilisha mchoro: boila ya vifuu, sahani, tangi la lita 2,000, chila ya kW 35, mnara wa kipimo cha 27, maji ya bomba kwa mnara, paneli za umeme kwenye paa kwa ajili ya pampu. Chujio nimeliweka kabla ya pampu ya kupozea.

FundiKilindini

Chujio lihamishe, liwe baada ya pampu, kabla ya chila na lisiwe mbali nayo, la matundu ya milimita 1 na nusu, na geji mbili kushoto na kulia kwake. Upande wa kufyonza wa pampu weka wavu mpana tu ndani ya beseni, maana chujio laini pale likijaa vipande vya ukoko pampu inakosa maji, na swichi ya mtiririko itaizima chila kwenye mzigo kamili. Hapo tumerudi kwenye kuganda. Swichi yenyewe iwe ya tofauti ya presha. Ile ya ulimi inashikwa na chokaa ndani ya miezi michache kwa maji yetu.

Mhandisi_Mvita

Limehamishwa. Kesho naweka hapa orodha ya vali na saizi za bomba mniangalizie.